Tulikula sahani moja, damu ikatoa namba mbili

KIMANI: Haya karibuni tena, leo nimekuja na malalamishi. Achieng, si mimi na bibi yangu tulienda kupima damu Jumamosi, tukapewa karatasi, yangu asidi ya yuriki, ile taka mwili huacha ukivunja chakula kama nyama, mikromoli 440 kwa lita, yake 275, na ile choma ya Kenyatta Market tunakulanga sahani moja na huyo mama kwa mbavu ananimaliza!

ACHIENG: (anacheka) Pole. Mimi nimekaa maabara miaka 6, hiyo karatasi huanzisha vita nyumbani. Angalia pembeni, si viwango vya kawaida vya mwanaume na vya mwanamke viko tofauti?

KIMANI: Niliona, nikadhani ni upendeleo.

ACHIENG: Ni figo. Estrojeni, ile homoni ya kike, inasaidia figo kumwaga yuriki kwa mkojo. Watoto wote huwa nayo chini, kijana akibalehe inapanda, msichana yake inabaki chini chini hivyo mpaka hedhi ikome, hapo sasa naye anaanza kupanda. Mzee Hippocrates wa Ugiriki alishasema hayo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, eti mwanamke hapati jongo kabla hedhi haijakatika, na hakuwa na mashine hata moja.

KIMANI: Jongo ndio gauti?

ACHIENG: Ndio hiyo gauti, ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma yuriki ikizidi.

KIMANI: Ebu ngoja. Mamangu ako 61, nyama hagusi, na mwaka jana kidole gumba cha mguu kilivimba usiku, hata shuka ikimgusa analia. Sisi tukalaumu maharagwe.

ACHIENG: Maharagwe mmeyaonea bure. Ana presha?

KIMANI: Anayo, na sukari iko karibu karibu.

ACHIENG: Basi. Kitambi na sukari zikianza, mwili unakuwa sugu kwa insulini, ile homoni ya kushusha sukari, kongosho inatoa nyingi zaidi, na hiyo insulini ikijaa inafanya figo irudishe yuriki kwa damu badala ya kuimwaga. Halafu kuna zile tembe za presha za kukojoza, kama haidroklorothayazidi, nazo zinaipandisha. Asiache dawa lakini! Amuulize daktari wake.

KIMANI: Na mbona kidole gumba, si goti wala kiwiko?

ACHIENG: Hata hizo hushikwa, lakini gumba mara nyingi ndio la kwanza. Ikipita kama 405 hivi yuriki inaweza kuganda, inakuwa vijisindano ndani ya kiungo, na baridi inaisaidia kuganda. Sasa niambie mwilini ni wapi baridi kuliko mguu, tena Nairobi ya Julai.

KIMANI: Lakini mimi nimeshapita hiyo 405!

ACHIENG: Tulia, wengi wako juu na hawaugui maisha yao yote. Kinachoniudhi ni kinyume chake, mtu anapimwa siku kidole kimewaka, namba inatoka sawa kabisa maana wakati wa shambulio inaweza kushuka, anaambiwa si gauti, aende nyumbani. Inafaa apimwe tena wiki 2 au zaidi baada ya uvimbe kuisha. Wewe soda unakunywa ngapi?

KIMANI: ...Mbili. Kwa siku. Na bia ni wikendi tu.

ACHIENG: Aaa! Fruktosi, ile sukari ya soda, ini likiichoma linaacha yuriki, na bia inaleta yake juu ya hiyo. Na ulikuwa umejificha nyuma ya mbavu za bibi yako.

KIMANI: Hiyo sehemu ya soda tutaikata, yeye husikiliza hiki kipindi.

ACHIENG: Haikatwi.