Waliotolewa Darasa la Nne

Mhadhara kwa walimu na wanafunzi, ukumbi wa Kaloleni, Nairobi

Asanteni. Kaeni, kaeni. Walimu wenzangu, wajukuu zangu, nimeombwa niwasimulie tulivyosoma miaka ile baada ya vita vya Hitler. Nitasimulia. Lakini naanza na jambo ambalo baadhi yenu mmenisikia nikilisema tena na tena, na leo nalirudia kwa sababu bado halijasikika: acheni kutuambia kwamba elimu ya zamani ilikuwa bora kuliko ya leo.

KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Tayari wazee wa rika langu wanasimama kwenye harusi na mazishi wakisema, "Sisi ndio tuliosoma. Mtu wa darasa la nane wa enzi zetu angemshinda wa chuo kikuu wa leo." Nani anasema hivyo? Ni yule aliyefika hilo darasa la nane. Asiyefika hapewi kipaza sauti.

Mimi niliingia darasa la kwanza mwaka 1949, hapa hapa Nairobi upande wa mashariki. Mwaka uliofuata mji ukapewa hati ya kuwa jiji, bendi zikapigwa, na mwaka huo huo serikali ya kikoloni ikaupitisha mpango wa Beecher wa elimu ya Waafrika. Mpango wenyewe mnaujua: miaka minne ya msingi, kisha minne ya kati, kisha minne ya sekondari. Kinachosahauliwa ni kwamba kila baada ya minne palikuwa na lango, na lango la kwanza lilisimama mbele ya mtoto wa darasa la nne. Darasa la nne! Walimu mlio hapa, hebu mfikirieni mtoto wa darasa la nne mnayemfundisha sasa. Kalamu bado inamshinda, meno bado yanaota. Huyo ndiye aliyekuwa akipewa karatasi na kuambiwa, haya, amua maisha yako yote.

Niliketi dawati moja na kijana aliyenizidi hesabu kwa mbali. Mwalimu alipouliza jedwali la kumi na mbili, sisi tulitazama dari, yeye alikwisha kujibu. Babake alikuwa amerudi kutoka Burma na koti la jeshi, akamkatia mwanawe kaptula mbili kutoka koti hilo, na pesa alizoweka akiba vitani ndizo zilizolipa karo. Baba yule alijifunza kusoma jeshini. Alinunua gazeti la Baraza, akalisoma kwa sauti mlangoni, na majirani wakakusanyika. Mtu wa namna hiyo alijua kabisa kwa nini anampeleka mtoto shule. Mtihani tuliufanya mwisho wa mwaka 1952, hali ya hatari ikiwa imetangazwa mwezi Oktoba kwa ajili ya vita vya Mau Mau, askari wamejaa mitaani. Orodha ilipobandikwa ukutani, jina langu lilikuwapo. Lake halikuwapo.

Shule yetu haikuwa na nafasi ya kurudia darasa. Januari nilipokwenda darasa la tano, yeye alikwenda Kilimani kuwa boi katika nyumba ya Mzungu. Alifua, akapiga pasi, akabeba vikapu vya sokoni. Miaka mingi baadaye, sote tukiwa watu wazima wenye familia, ndiye aliyeshika vitabu vya chama chetu cha mazishi. Hakuna senti iliyopotea. Mhasibu mwenye cheti aliletwa mara moja avikague, akavifunga na kusema havina kasoro. Sasa niambieni, yule kijana alikosa akili? Au ni nafasi za darasa la tano zilizokosekana?

Zilikosekana. Mtihani ule ulitafuta watoto wa kutosha kujaza viti vilivyokuwapo, basi. Ukipepeta gunia la mahindi ukabakiza konzi moja ya punje nono, usije ukaniambia shamba lilikuwa zuri.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, "Lakini mzee, vita vilikuwa vimekwisha juzi tu, serikali haikuwa na pesa." Hilo nimelijibu mara nyingi, na nalijibu tena. Mwaka 1949, nilipoingia darasa la kwanza, serikali hiyo hiyo ilifungua shule ya Duke of York, ambayo leo ni Lenana, kwa wavulana wa Kizungu. Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School, ilikwisha kusimama tangu mwaka 1931, majengo ya mawe, nguzo, viwanja vya kriketi. Mtoto wa Kizungu sheria ilimlazimu asome. Mtoto wa Kihindi alikuwa na shule zake, Mwarabu zake. Mtoto wa Mwafrika alilipa karo, kisha akachujwa. Pesa zilikuwapo. Ziligawanywa kwa rangi ya ngozi.

Na msiseme wazazi wetu walikaa tu wakingoja. Wazazi wa Kikuyu walijenga shule zao wenyewe, za chama cha KISA, chama cha shule huru za Wakikuyu, na zile za chama kingine, Karing'a, kwa michango ya kuku, mbuzi, mbao na nguvu za mikono. Wakajenga na chuo cha ualimu Githunguri, kilichofunguliwa mwaka 1939 chini ya Mbiyu Koinange. Rika lilishindana na rika kuchanga. Mwaka 1952 serikali ilikifunga, na shule zile nyingi zikafungwa au zikanyang'anywa. Githunguri pakageuzwa mahali pa kunyongea watu. Mahali pale pale! Nikisikia mtu akisema elimu tuliletewa, kwamba sisi tulikuwa wa kupokea tu, damu inanichemka, na sitaacha kulisema hili nikiwa na pumzi.

Nilitaka kueleza kwa kirefu juu ya Anvil, msako mkubwa wa jeshi dhidi ya Mau Mau hapa mjini, ila naona saa imekwenda. Kwa ufupi: tarehe 24 Aprili 1954 jeshi liliuzingira mji huu. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa, na familia zao zikapakiwa kwenye malori kurudishwa vijijini. Nilikuwa darasa la sita. Tuliporudi darasani, madawati mengi hayakuwa na wenyewe. Hao nao hawakufeli mtihani wowote, na hawamo katika hadithi ya "sisi tuliosoma".

Wasichana wanahitaji mhadhara wao peke yao. Shule ya sekondari ya wasichana Waafrika kule Kikuyu ilianza mwaka 1948 tu, miaka ishirini na zaidi baada ya Alliance, sekondari ya wavulana. Dada zangu wawili hawakuingia darasa lolote. Nitarudi kwa hilo siku nyingine, au afadhali mwalikeni mwanamke alisimulie.

Nimalizie na hili. Mzee Kimani Maruge mnamkumbuka. Aliingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, baada ya elimu ya msingi kufanywa bure. Dunia nzima ilimpigia makofi. Wachache waliuliza ni nini kilichomzuia miaka yote ile. Wenzake wako hapa Nairobi, Pumwani, Makongeni, Kawangware, wamezeeka sana, na kila mwezi tunazika mmoja.

Kwa hiyo nawapa kazi. Kila mwalimu hapa amtafute mzee mmoja aliyetolewa shule, babu au nyanya au jirani. Mwulizeni: ulifika darasa la ngapi, karo ililipwa na nani, siku jina lako lilipokosekana ulikwenda wapi, na kesho yake ulifanya kazi gani. Andikeni kwa maneno yake. Mwalimu wa maktaba yuko pale mlangoni na daftari, mwachieni jina na mtaa wa mzee wenu kabla hamjatoka. Haya, maswali. Tuanze na mama yule wa nyuma.