Komuni Isiyo na Mkazi Hata Mmoja

Mabibi na mabwana,

Ufaransa ina komuni, yaani maeneo madogo kabisa ya serikali za mitaa, zipatazo 35,000, na zaidi ya nusu yake ni vijiji ambavyo wakazi wake hawafiki 500. Kila komuni, iwe jiji la Paris au kijiji cha nyumba kumi, ina meya wake. Katika zile zenye watu wasiozidi 10,000, makarani wa sensa hupita nyumba kwa nyumba kila baada ya miaka mitano, na hesabu wanayoirudisha ndiyo inayoamua kijiji kiwe na madiwani wangapi na kipate ruzuku kiasi gani kutoka serikalini.

Basi tuitazame Fleury-devant-Douaumont, jirani na mji wa Verdun, ambako hesabu hiyo ni sifuri. Mwaka 1913 palikuwa na watu 422. Mapigano ya Verdun, kati ya Wafaransa na Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, yalipoanza Februari 1916 wakahamishwa, wakidhani bila shaka kwamba watarudi. Lakini kiangazi cha mwaka uleule kijiji kilitekwa na kukombolewa mara 16, hata pasibaki ukuta wa kuegemea. Vita vilipokwisha, udongo ulikuwa umejaa makombora ambayo hayajalipuka, pamoja na mifupa ya askari, kiasi kwamba hapakuwa na jembe la kuthubutu kupita, na serikali ikaamua kupanda msitu.

Ungedhani jina lingefutwa kwenye daftari. Halikufutwa. Fleury na vijiji vingine vitano vya eneo hilo viliachwa viendelee kuwa komuni kamili, kwa heshima ya kuhesabiwa kuwa vilikufa kwa ajili ya Ufaransa, kama anavyohesabiwa askari.

Anayefika leo huona nyasi zilizofunika mashimo ya mabomu, ardhi ikipanda na kushuka kama bahari yenye mawimbi, na vibao vifupi kando ya njia: hapa palikuwa na mhunzi, hapa mwoka mikate, hapa shule. Pale lilipokuwa kanisa pamejengwa kanisa dogo la kumbukumbu.

Na meya yupo. Kwa kuwa hakuna mpiga kura, huteuliwa na mkuu wa mkoa wa Meuse. Hana wa kumbembeleza wakati wa kampeni wala wa kumlalamikia taka zisipozolewa. Kazi yake ni kulitunza kanisa hilo na vibao, na kuwapokea wajukuu na vitukuu vya wale 422 wanapokuja kutafuta nyumba yao ilikuwa wapi.