Viraka Juu ya Gunia: Kazi ya Wanawake wa Chile Chini ya Utawala wa Kijeshi

Waheshimiwa walimu, ndugu wanafunzi, na ninyi nyote mliofika jioni hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie sanaa na upinzani dhidi ya udikteta wa kijeshi, mada pana inayoweza kummeza mzungumzaji, kwa hiyo nimechagua kukaa katika nchi moja, Chile, na hasa katika kazi moja ya mikono iliyofanywa huko na wanawake ambao wengi wao hawakuwahi kujiita wasanii.

Tarehe 11 Septemba 1973, ndege za jeshi la anga la Chile ziliishambulia kwa mabomu ikulu ya nchi yao wenyewe mjini Santiago. Rais Salvador Allende, aliyechaguliwa kwa kura mwaka 1970, alifia humo, na baraza la kijeshi chini ya Jenerali Augusto Pinochet likatwaa madaraka ambayo halikuyaachia hadi Machi 1990. Wanajeshi walichoma vitabu hadharani, na michoro ya ukutani ikafutwa mtaa baada ya mtaa; mchoro mmoja ambao mchoraji Roberto Matta alikuwa ameuchora mwaka 1971 katika mtaa wa La Granja pamoja na vijana wa kikundi cha Brigada Ramona Parra ulifunikwa kwa matabaka 16 ya rangi. Mwimbaji Víctor Jara alikamatwa chuoni alikokuwa akifundisha, akafungiwa katika uwanja wa michezo uliogeuzwa kuwa gereza, akateswa, na siku chache baadaye akauawa kwa risasi zaidi ya 40. Kabla ya kuuawa aliandika shairi ambalo wafungwa wenzake walilihifadhi na kulitoa nje kwa siri.

Masimulizi mengi juu ya sanaa ya Chile ya wakati ule huanza kwa Jara na kuishia kwake. Naheshimu sababu yake, lakini kifo chake kinatuonyesha zaidi woga wa watawala kuliko kile ambacho sanaa iliendelea kukifanya kwa miaka 16 iliyofuata, na ili tukielewe hicho, lazima kwanza tuuelewe ukatili ambao utawala ule uliuchagua. Polisi wa siri wa Pinochet, waliojulikana kwa jina la DINA, walikuwa wakiwatowesha watu. Mtu alichukuliwa nyumbani, kazini au barabarani, na tangu saa hiyo hakuna ofisi iliyokiri kumshika, hakuna mashtaka, hakuna maiti, hakuna kaburi. Mwaka 1975 mjumbe wa serikali hiyo aliuambia Umoja wa Mataifa kwamba baadhi ya waliodaiwa kutoweka hawakuwahi kuwapo kisheria. Naomba tulitafakari neno hilo. Mama ana shati la mwanawe, ana picha yake, anakumbuka saa aliyozaliwa, na dola inauambia ulimwengu kwamba mtu huyo hakuwahi kuwapo.

Nani angelijibu neno kama hilo? Bunge lilikuwa limevunjwa, magazeti yaliyobaki yalikuwa chini ya udhibiti, na mahakama zilikataa karibu maombi yote ya ndugu waliotaka wapendwa wao wafikishwe mbele ya hakimu. Wanawake walizunguka kutoka gereza hadi gereza, kutoka kituo cha polisi hadi chumba cha maiti, na katika foleni hizo wakaanza kufahamiana. Kamati ya makanisa iliyoundwa wiki chache baada ya mapinduzi iliwafungulia mlango, na kuanzia mwaka 1974 ikawaanzishia karakana za ushonaji. Pinochet alipoishinikiza kamati hiyo ifungwe, Kardinali Raúl Silva Henríquez akaanzisha mwaka 1976 ofisi ya kanisa lake mwenyewe, Vicaría de la Solidaridad, kando ya kanisa kuu la Santiago, na kazi ikaendelea.

Kazi yenyewe huitwa arpillera, neno ambalo kwa Kihispania ni kitambaa cha gunia tu. Msanii Violeta Parra alikuwa amekwisha kudarizi juu ya kitambaa cha namna hiyo, na mwaka 1964 kazi zake zilionyeshwa katika jumba la Louvre mjini Paris. Lakini wanawake wa karakana walikuwa na haja nyingine. Walitwaa kipande cha gunia, wakakata viraka kutoka nguo kuukuu, wakavishona kwa mkono mpaka vikawa nyumba, miti, mistari ya watu, magari ya polisi. Vichwa vya watu vilijazwa pamba vikatokeza nje kama vya wanasesere wadogo. Juu kabisa, karibu katika kila kazi, ipo milima ya Andes, na mara nyingi jua. Chini ya milima hiyo kuna wanawake waliobeba picha na kuuliza wako wapi, kuna kiwanda kilichofungwa, kuna chungu kikubwa ambacho mtaa mzima unapikia kwa sababu hakuna nyumba moja inayoweza kupika peke yake.

Wengine walikata viraka hivyo kutoka nguo za wale wale waliotoweka. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa maana sijui mahali pengine ambapo maada ya sanaa na jambo linalosemwa vimekaribiana kiasi hiki. Mchoraji akimchora mtu, dola inaweza kusema amembuni. Kipande cha suruali kilichochakaa magotini hakibuniki, kwa sababu magoti hayo yalikuwapo.

Kwa jicho la haraka, rangi zake za kung'aa zilizifanya kazi hizi zifanane na mapambo ya chumba cha mtoto, na hilo liliwasaidia waliozisafirisha. Nyuma ya nyingi kulishonwa mfuko mdogo wenye karatasi iliyoeleza kilichoonyeshwa mbele. Vicaría ilizinunua na kuzipeleka nje ya nchi, ambako Wachile waliokuwa uhamishoni na marafiki zao waliziuza, na serikali ilipogundua ilizilaani kuwa zinaichafulia nchi jina. Wapo wanaoona kwamba malipo hayo yanaipunguzia kazi hadhi yake. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mwanamke ambaye mumewe ametoweshwa amepoteza mume na amepoteza kipato siku hiyo hiyo. Fedha iliyolisha watoto wake kutokana na ushahidi alioushona kwa mkono wake haikuutia ushahidi huo doa lolote.

Wanawake wa chama cha ndugu wa waliotoweka walipata lugha nyingine pia. Cueca ni ngoma ya Chile ya watu wawili, mwanamume na mwanamke, kila mmoja akipunga leso. Mwaka 1978, katika Siku ya Wanawake Duniani, walipanda jukwaani katika ukumbi wa Caupolicán mjini Santiago na kuicheza bila mwenzi, picha ya aliyetoweka ikiwa imebandikwa kifuani. Mwaka uliofuata utawala wa Pinochet uliitangaza rasmi cueca kuwa ngoma ya taifa. Baada ya hapo, kila mama aliyeicheza peke yake alikuwa akicheza ngoma ya taifa, na pengo lililokuwa mbele yake likawa la taifa zima.

Sitadai kwamba sanaa iliuangusha utawala ule. Anguko la uchumi la mwaka 1982, vyama vya wafanyakazi, maandamano yaliyoanza mwaka 1983, vyama vya siasa vilivyokubali kushirikiana na shinikizo la nje, vyote vilichangia, hadi tarehe 5 Oktoba 1988 ambapo wapiga kura karibu asilimia 55 walimkatalia Pinochet muhula mwingine. Kabla ya siku hiyo kuta za Santiago zilikuwa zimejaa maneno yaliyoanzishwa na kundi la wasanii la CADA mwaka 1983, "No +", yaani "Hakuna tena", ambayo kila mpita njia aliyamalizia mwenyewe: hakuna tena vifo, hakuna tena njaa. Lakini swali la wako wapi lisingefika hai hadi mwaka 1988 kama lingeachiwa mahakama na magazeti.

Mwishoni mwa mwaka 1978, katika tanuri za chokaa zilizoachwa huko Lonquén, nje kidogo ya Santiago, yalipatikana mabaki ya wanaume 15 waliokamatwa na polisi mwezi Oktoba 1973. Wale ambao dola ilikana kuwashika walikuwa na mifupa. Wanawake wakazishona tanuri hizo kwenye gunia, chini ya milima ile ile. Waliotoweka kabisa ni zaidi ya 1,000, na wengi wao hawajapatikana hadi leo. Arpillera nyingi sasa zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Kumbukumbu na Haki za Binadamu, lililofunguliwa Santiago mwaka 2010, na kwa baadhi ya familia huenda kiraka kimoja kilichokatwa kutoka shati ndicho kitu cha mwisho kilichobaki ambacho kiliwahi kugusa mwili wa mtu wao.