Kabla ya Kuiongezea Kasi Baiskeli ya Umeme, Anzeni na Breki

Ndugu watazamaji, hamjambo popote mlipo, na karibuni tena. Tangu nilipowaonyesha baiskeli yangu ya umeme, swali linalonijia kwa wingi kutoka kwenu huko nyumbani ni moja: mtu afanye nini ili baiskeli ya namna hii iende kasi zaidi? Leo nitalijibu kwa kirefu, na jibu langu, ambalo huenda lisiwafurahishe wote, ni kwamba kasi ndiyo ya kuongezwa mwisho, kama ni lazima iongezwe. Fedha za kwanza ziende kwenye breki, tairi na mahali pa kubebea mzigo, na uangalizi wa kwanza uende kwenye betri, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu ghali kuliko zote na ndiyo inayoamua baiskeli itadumu kwa muda gani.

Nianze na kasi yenyewe. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, baiskeli ya umeme inayohesabiwa kuwa baiskeli ya kawaida huwa na mota isiyozidi wati 250 za kazi ya mfululizo, na msaada wa mota hukatika mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa. Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 2002 inaruhusu mota ya chini ya wati 750 na mwendo wa chini ya maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32, pale baiskeli inapoendeshwa na mota peke yake. Vifaa vingi vinavyouzwa ili kuvuka vikomo hivyo hufanya kazi kwa kuidanganya mota. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye spoku hupita mbele ya kihisi kila gurudumu linapozunguka, na kifaa kilichonunuliwa huripoti kwa mota mizunguko michache kuliko iliyopita, hivyo mota huendelea kusukuma ikidhani kwamba mwendo bado ni mdogo.

Kinachosahaulika ni kwamba nishati ambayo breki inapaswa kuimaliza huongezeka kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 25 na kufika 35 kwa saa, nishati hiyo inakaribia kuwa maradufu, ilhali pedi za breki ni zile zile, diski zinayoibana ni ile ile, na foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, ni ile iliyotengenezwa kwa mwendo wa awali. Upinzani wa hewa nao unapanda kwa kanuni hiyo hiyo, kwa hiyo betri iliyokuwa ikikufikisha kazini na kukurudisha huanza kuishia njiani. Isitoshe, mahali ambapo sheria imeweka kikomo, baiskeli iliyofunguliwa kikomo chake hugeuka kuwa chombo cha moto mbele ya sheria, na waranti ya mtengenezaji huwa imekwisha siku hiyo hiyo. Mimi siioni faida inayolingana na hayo yote.

Sasa tuje kwenye betri. Ninaisogeza kamera ili mwone kibandiko kilicho ubavuni mwake: volti 36, ampea-saa 14. Zidisha namba hizo mbili upate wati-saa 504, na namba hiyo ya tatu ndiyo ya kutumia unapolinganisha betri moja na nyingine, kwa sababu ampea-saa peke yake haikuambii kitu kama volti zinatofautiana. Mpandaji anayepiga pedeli kwa bidii ya wastani kwenye barabara tambarare hutumia takriban wati-saa 10 kwa kila kilomita, na mlima, upepo wa mbele au mzigo mzito huweza kuipandisha namba hiyo hadi 20. Kwa hiyo betri kama hii itegemewe kwa kilomita 50 katika hali nzuri, na kwa nusu ya hapo katika hali ngumu, hata kama tangazo la muuzaji lilisema zaidi.

Ndani ya betri ya volti 36 kuna seli, yaani betri ndogo ndogo, 10 zilizopangwa kwa mfuatano, na kila seli ikijaa hufika volti 4.2, hivyo betri nzima iliyojaa huwa na volti 42. Betri ya volti 48 kwa kawaida ina seli 13 kwa mfuatano, na ikijaa hufika volti 54.6. Namba hizo mbili, 42 na 54.6, zimeandikwa kwenye vibandiko vya chaja, na naomba mzishike, kwa sababu plagi za chaja hizo mara nyingi hufanana na huingia kwenye tundu lile lile bila shida yoyote. Chaja ya volti 54.6 ikichomekwa kwenye betri ya volti 36, ulinzi pekee unaobaki ni saketi ndogo iliyo ndani ya betri, na saketi hiyo ikishindwa, seli hujazwa kupita kiasi na zinaweza kuwaka moto usiozimika kirahisi. Nyumba yenye baiskeli mbili za volti tofauti iandike kwa wino mkubwa juu ya kila chaja ni ya baiskeli ipi.

Utunzaji wa betri wenyewe si mgumu. Seli za lithiamu hazipendi kukaa zimejaa kabisa kwenye joto, wala hazipendi kukaa tupu, kwa hiyo baiskeli itakayolala wiki kadhaa bila kutumika iachwe na chaji ya karibu nusu, mahali penye ubaridi na pakavu. Kwa matumizi ya kila siku, kuacha kuchaji ikifika asilimia 80 au 90 hurefusha maisha ya seli, lakini mara moja moja ijazwe mpaka mwisho, kwa sababu katika betri nyingi ile saketi ya ulinzi husawazisha seli pale tu zinapokaribia kujaa. Isichajiwe ikiwa imeganda chini ya nyuzi 0, kwani lithiamu hujikusanya kama metali juu ya elektrodi na uharibifu huo haurudi nyuma, wala isichajiwe papo hapo baada ya kukaa kwenye jua kali; iacheni ipoe kwanza. Ichajiwe juu ya sakafu ngumu, mtu akiwa macho, na kamwe isiwe kwenye njia ya kutokea nje ya nyumba. Betri iliyovimba, inayotoa harufu ngeni au inayopata joto bila kutumika itolewe nje, mbali na vitu vinavyoungua, na isichajiwe tena.

Wengi wenu mmeuliza pia kuhusu kuongeza betri ya pili. Inawezekana kabisa katika mifumo iliyotengenezwa kwa betri mbili, kwa sababu mifumo hiyo ina saketi inayoamua betri ipi itoe umeme na kwa wakati gani. Kuunganisha betri mbili moja kwa moja, nyaya kwa nyaya, ni jambo jingine. Iliyojaa humwaga mkondo mkubwa ndani ya iliyopungua, bila kizuizi chochote, na nyaya nyembamba hazikutengenezwa kwa mkondo huo. Anayehitaji kwenda mbali zaidi anunue betri moja kubwa inayokubaliana na kidhibiti chake, yaani kifaa kinachoipimia mota umeme, au abebe ya pili kwenye mkoba na kuibadilisha njiani.

Breki sasa, na hapa nataka mniazime masikio. Baiskeli ya umeme huwa na uzito wa kilo 20 hadi 30. Mwongeze mpandaji na mzigo wake, na mnakuta kilo 120 zinashuka mlimani zikizuiwa na vipande viwili vidogo vya pedi kwenye kila gurudumu. Baiskeli nyingi za bei nafuu huja na breki za diski zinazovutwa kwa waya. Zinafanya kazi, lakini waya hulegea, pedi huisha bila wewe kujua, na mkono huchoka kwenye mteremko mrefu. Kuhamia breki za mafuta, ambazo husukumwa na mafuta ndani ya mrija badala ya waya, ndilo badiliko ambalo ningelifanya kabla ya jingine lolote. Kuna sharti moja: mota nyingi hukatwa na swichi iliyo ndani ya mkono wa breki, kwa hiyo mkono mpya uwe na swichi hiyo, na plagi yake ilingane na ya zamani, la sivyo mota inaweza kuendelea kusukuma kwa muda huku wewe unashika breki.

Kubadilisha diski ya milimita 160 kwa ya 180 huongeza nguvu ya kusimamisha kwa takriban asilimia 12, na diski kubwa hupoa vizuri zaidi, lakini hakikisheni kwanza kwamba foku imeruhusiwa kubeba ukubwa huo, kisha mtafute adapta ya kuinua kalipa, yaani kifaa kinachozibana pedi kwenye diski. Someni pia maandishi yaliyochongwa kwenye diski, maana baadhi huruhusu pedi za rezini tu, na pedi za metali huzila haraka. Diski nyingi mpya zina unene wa milimita 1.8, na zikifika 1.5 zibadilishwe. Pedi mpya zinahitaji kuzoezwa: tafuteni barabara tupu, mwendo wa wastani, mshike breki kwa nguvu mpaka karibu na kusimama, mwachie, mrudie mara nyingi bila kufunga gurudumu. Na mafuta ya mnyororo yasiguse diski hata tone, kwa sababu pedi ikishanyonya mafuta haifai tena.

Kwa upande wa tairi, chagueni zenye tabaka nene la kuzuia miiba na vioo, hata kama ni nzito kidogo, kwani mota itaubeba uzito huo na ninyi mtaepushwa na pancha ya gurudumu la nyuma. Wenye mota ndani ya kitovu cha gurudumu hilo wanaijua kazi ninayoizungumzia. Kwanza zimeni umeme na kuitoa betri. Kateni vishikizo vya plastiki vinavyofunga waya wa mota kwenye fremu, kisha tafuteni plagi yake, ambayo katika baiskeli nyingi ina mishale miwili midogo inayotazamana. Ivuteni ikiwa imenyooka bila kuizungusha hata kidogo, maana pini za ndani ni nyembamba na hupinda. Nati za ekseli mara nyingi hufunguliwa kwa spana namba 18, na chini yake kuna washa yenye jino linaloingia kwenye tundu la fremu. Piga picha kabla ya kuitoa, uone jino limeelekea wapi, kwa sababu washa hiyo ndiyo inayozuia ekseli isijizungushe na kukata waya mota inapovuta kwa nguvu. Wakati wa kurudisha, mishale ikutane tena, nati zikazwe barabara, na waya ushuke kidogo kabla ya kupanda kwenye fremu ili maji ya mvua yadondoke chini badala ya kuufuata mpaka ndani ya mota. Mkiwa hapo hapo, bonyezeni spoku mbili mbili kwa vidole. Iliyolegea huvunja jirani zake.

Mota ya katikati, ile iliyo kwenye pedeli, haina taabu hiyo, lakini nguvu yake yote hupita kwenye mnyororo. Punguzeni msukumo wa miguu kwa sekunde moja mnapobadilisha gia, na mnunue kipimo cha mnyororo, ambacho ni kibati kidogo cha chuma kinachoonyesha mnyororo umerefuka kiasi gani kwa kuchakaa: kikizama upande wa asilimia 0.5 katika mifumo ya gia 11 au 12, mnyororo ubadilishwe kabla haujala sproketi, yaani magurudumu ya meno unayopita.

Furaha kubwa ya baiskeli hii, kwangu mimi, ni kubeba mzigo kwa utulivu. Keria nyingi za nyuma zimechongwa kikomo chake, mara nyingi kilo 25, na namba hiyo iheshimiwe. Mikoba miwili ya pembeni ni bora kuliko mfuko mgongoni, kwa kuwa uzito hushuka chini na baiskeli haiyumbi. Stendi ya miguu miwili huisimamisha wima wakati wa kupakia. Taa zichukue umeme kutoka betri kuu kama mota ina njia ya kutokea taa, lakini someni kama inatoa volti 6 au 12 kabla ya kununua. Madigadi marefu, kioo cha kutazama nyuma na kengele yenye sauti safi havina mjadala. Kishikio cha simu kiwe na mpira wa kupunguza mtikisiko, kwani mwaka 2021 Apple ilitahadharisha kwamba mitikisiko ya pikipiki inaweza kuharibu kamera za simu zake, na kwa vyombo vidogo vya umeme ikashauri kishikio cha aina hiyo. Kufuli liwe la chuma lenye umbo la U, lifunge fremu pamoja na kitu kisichong'oka, na betri muingie nayo ndani.

Mnaotaka nishauri kuhusu baiskeli zenu, niandikieni volti na ampea-saa za betri, mahali mota ilipo, aina ya breki na kipenyo cha diski, pamoja na uzito mnaobeba na milima iliyo njiani. Ukiweza, piga picha ya kibandiko cha chaja pia, nikiangalie kwanza.