Ukiniuliza "mpaka lini", kilo zako zitarudi

Jamani nianze na hili manake nalisema kila nikisimama na bado halijaingia. Mtu anakuja, kaamua kweli kupungua, nampa mpangilio wa kula na kutembea, swali lake la kwanza: sasa hii nafanya mpaka lini? Hapo hapo roho inaniuma maana najua kilo zake zitarudi.

Simlaumu, nilikuwa hivyo hivyo. Nina mkanda wa ngozi kabatini mpaka leo, una matundu matatu niliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari wa moto, na ukiukunjua unaona kila tundu limeacha mkunjo wake pale ngozi ilipovutwa. Matundu yale nimeyapanda na kuyashuka mara tatu ndani ya miaka minane! Kila nilipofika kilo nilizozitaka nilisema Mungu asante, nimemaliza, nikarudia sahani zangu zile zile. Nilimaliza nini sasa?

Najua kuna wa kusema ulikosa nia tu. Hapana, nia nilikuwa nayo tele. Ukipungua, mwili unaona njaa imeingia nchini, unajihami. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu waliopunguzwa uzito kwa wiki 10, mwaka ukapita, homoni ya njaa bado iko juu na za shibe bado ziko chini. Na wale washindani 14 wa kipindi cha runinga cha Marekani cha kupungua, walipopimwa miaka 6 baadaye, kwa wastani katika kilo 58 walizopunguza 41 zilikuwa zimerudi, na miili yao ilikuwa inaunguza karibu kalori 500 pungufu ya ilivyotarajiwa kwa siku. Sasa mwili umekaa macho miaka sita, wewe unataka kupambana nao wiki sita?

Ndo maana nasema chagua kile utakachoweza kuishi nacho hata uzeeni. Marekani kuna rejista ya watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na hazikurudi kwa mwaka au zaidi, ipo tangu 1994. Wengi wao wanafanya mazoezi kama saa moja kila siku, hasa kutembea, tena robo tatu wanapanda mizani angalau mara moja kwa wiki. Saa nzima huna? Igawe, asubuhi dakika 20, jioni 20, na zilizobaki utazipata kwenye ngazi.

Usingizi nilitaka niuongelee kwa kirefu ila muda ndo huo, lala tu mapema. Sindano za kupunguza uzito zinasaidia kweli, ila wengi wakiziacha uzito unarudi, kwa hiyo hata huko ni "mpaka lini" ile ile.

Mimi Jumamosi asubuhi kabla sijala napanda mizani, ikizidi uzito wangu wa kawaida kwa kilo mbili naanza siku hiyo hiyo, sahani ya usiku inapungua na matembezi yanaongezeka. Haya, dada pale nyuma umenyoosha mkono muda mrefu, uliza.