Taya Lililogandana kwa Mtoto: CT Ituonyeshe Nini

Wenzangu, mtoto wa miaka saba analetwa kwa sababu kijiko hakiingii mdomoni. Ukimhoji mama taratibu, mara nyingi atakumbuka kwamba aliwahi kuanguka akapiga kidevu. Kichwa cha taya kilivunjika, damu ikajaa kwenye kiungo cha taya mbele ya sikio, mfupa ukaota humo, kiungo kikagandana.

Mtazameni usoni kwanza. Kidevu kimepinda upande mmoja. Shavu la upande huo limejaa, la pili limelala. Wengi hujaza kwenye fomu kwamba upande uliolala ndio mgonjwa. Hapana: kidevu huelekea kwenye kiungo kilichogandana, maana taya la upande huo limeacha kurefuka.

Panorama, yaani eksirei bapa ya taya zote, itawaambia kuna kasoro. Bonge la mfupa limeingia ndani kiasi gani, haisemi, na kwa ndani huko ndiko inakopita ateri ya maksila, mshipa mkubwa wa damu. Ndiyo sababu ya CT, eksirei ya vipande vipande.

Pigeni mara moja tu, kuanzia usawa wa macho hadi chini ya kidevu. Vipande viwe vya milimita 0.6 hadi 1, nguvu ya eksirei kilovolti 80 hadi 100 kwa kadiri ya umbo la mtoto. Mfupa hujitenga vizuri na nyama, hivyo dozi kubwa ya CT ya ubongo haina kazi hapa. Kichwa kikilala upande, upande mmoja wa taya unaweza kuonekana mfupi hata kama hauna ugonjwa. Mtoto akitikisika, ukingo wa mfupa hukatika kama ngazi na mtu akaandika "ufa".

Dawa ya usingizi iogopeni. Mdomo haufunguki, kidevu ni kidogo, ulimi uko nyuma. Akizibwa pumzi, mrija wa kupumulia hauna pa kupitia mdomoni. Mashine za sasa humaliza kwa sekunde chache, kwa hiyo mbembelezeni. Ikishindikana, daktari wa usingizi awepo chumbani.

Picha ya 3D inapendeza, lakini programu huziba nyufa nyembamba. Pimeni kwenye vipande vya koronali, vinavyokata kichwa kutoka sikio hadi sikio: upana wa bonge, umbali wake kwenda ndani, na unene wa paa la kiungo, ambalo juu yake ni ubongo.

Halafu koronoidi, ncha ya mfupa wa taya iliyo mbele ya kiungo, pande zote mbili. Kiungo kikigandana muda mrefu, hurefuka, na mpasuaji asipoijua atakata kiungo chote na mdomo bado ukakataa kufunguka.