Mwalimu wa Houston na Bendi Yake ya Sekondari

Habari zenu ndugu zangu, Dar, Morogoro, Mombasa, Bukavu, popote mnaponitazama. Leo sizungumzii viza wala kazi. Nataka niwaambie habari za mwalimu mmoja wa mji huu ninaoishi, Houston, Texas. Ni marehemu Conrad O. Johnson. Wanafunzi wake walimwita Prof.

Kaskazini-mashariki mwa Houston kuna mtaa wa Wamarekani weusi uitwao Kashmere Gardens, na humo kuna sekondari ya Kashmere. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Johnson alikuwa mwalimu wa muziki pale. Bendi za shule wakati ule zilipiga jazi ya zamani kwa adabu kubwa, watoto wamekaa vitini, macho kwenye noti za muziki. Prof alikuwa amemwona Otis Redding, mwimbaji wa soul wa Marekani, jukwaani mwaka 1967, akaona watu walivyopagawa, akataka wanafunzi wake nao waweze kuuteka ukumbi namna ile. Basi akachukua jazi, akaitia fanki, muziki wa Wamarekani weusi wenye mdundo mzito wa kucheza. Gitaa la besi likapewa nafasi ya mbele, ngoma zikachacha, na vijana wa tarumbeta na tromboni wakawa wanapuliza huku wanacheza, wote hatua moja. Nyimbo nyingine alizitunga mwenyewe.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Bendi ya watu wazima inaweza kukaa na mpiga saksafoni wake miaka ishirini. Ya shule haiwezi. Kila mwaka wa masomo ukiisha, wale wakali wako wanahitimu na kuondoka, wanaingia watoto ambao wengine hata kushika ala sawasawa bado. Unaanza upya. Mwakani, upya tena. Lakini bendi ya Prof, Kashmere Stage Band, ilishindana mara 46 kati ya mwaka 1969 na 1977, ikashinda mara 42! Wachezaji walibadilika, mlio haukubadilika, kwa sababu mlio ule ulikuwa wa mwalimu. Mwaka 1972 walikwenda Mobile, Alabama, kwenye mashindano ya taifa ya bendi za sekondari, wakarudi na ushindi.

Tena hakuridhika na vikombe. Aliwaingiza studio wakarekodi santuri, albamu nane kwa jumla. Watoto wa shule, ndugu zangu! Wakasafiri mpaka Ulaya na Japani. Nikisoma habari za Japani huwa nawakumbuka Morogoro Jazz, Mbaraka Mwinshehe na wenzake, waliopeleka jina la Tanzania Osaka kwenye maonyesho ya Expo mwaka 1970. Hao walikuwa wanamuziki wa kazi. Hawa wa Kashmere walikuwa bado wanafanya mitihani.

Johnson mwenyewe alikuwa mpuliza saksafoni hodari, na njia ya kuzunguka na bendi kubwa ilikuwa wazi kwake. Akachagua familia na darasa. Mimi nimekulia kwenye nyumba ambako mtu akisema anataka kufundisha muziki, wazee wanamuuliza, "Halafu utakula nini?" Ndiyo maana mtu huyu ananigusa sana. Hakuuchukulia muziki wa shule kuwa wa kupoteza muda baada ya vipindi. Aliwadai wale watoto kazi ya kiwango cha juu kabisa, na kudai kwake ndiko kulikokuwa heshima aliyowapa.

Alistaafu mwaka 1978. Mwaka 2006 rekodi zile zikakusanywa na kutolewa upya, na watu ambao hawajawahi kukanyaga Texas wakaanza kuzisaka. Februari 2008 wanafunzi wake wa zamani, sasa watu wazima wa miaka hamsini na kitu, wengine hawajagusa ala kwa miongo, walifanya mazoezi wakampigia onyesho. Prof alikuwa na miaka 92. Alilishuhudia, akafariki siku chache tu baadaye. Yote hayo yamo kwenye filamu ya Thunder Soul, ya mwaka 2010. Itafuteni.

Lakini kabla ya filamu, sikilizeni muziki wenyewe kwenye spika nzuri, si ya simu. Mwite na mtoto wako wa kidato cha tatu akae pembeni. Acha wimbo uishe kwanza, ndipo umwambie kwamba wanaopiga ni wa rika lake. Kisha niandikieni amesema nini, maana majibu yao nitayasoma kwenye video ijayo.